Ukurasa wa Arobaini na Mbili

— Jembe lako limelala kwa baba tangu Pasaka, Placide. Sasa mvua imeanza. Unakuja kulima ao hauji?

Placide alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba ya walimu pale Kabambare, buku nene magotini, kidole juu ya mstari kama mtu aliyekanyaga nyoka na anaogopa kuinua mguu.

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Kasongo juu ya kamio, lori la kubeba pamba, kuuliza neno hilo moja. Kwetu, mwanaume anayetaka msichana analeta jembe kwa baba yake. Mvua za kwanza zikinyesha anakuja mwenyewe, analima siku moja na jembe lile lile katika shamba la mama mkwe. Asipokuja, jembe linarudishwa na msichana anaolewa kwingine.

— Marcellin, yule karani wa Salamabila, naye ameleta jembe, nikasema. Baba amempa siku. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kulima.

— Marcellin! Yule anayepaka mafuta mpaka kwenye viatu?

— Yeye anakuja. Wewe unasoma.

Shangazi yangu Mwamvita, ambaye nilifikia kwake, alikuwa amenisindikiza. Akamwita kutoka uani:

— Mwalimu! Buku hilo linazaa watoto?

Placide akafunga buku, lakini kidole akakiacha ndani.

— Léo, sikiliza. Nilikuwa seminari. Nilimwahidi Mungu upadri, nikatoka. Nimekwisha kuvunja ahadi moja. Sitaki kukuahidi wewe kabla sijajua ahadi ni kitu gani. Huyu filozofe, mtu wa hekima wa Ulaya, alitafuta jambo hilo maisha yake yote. Ameandika mabuku saba. Mupe mumoja muzee, padri wa misioni, aliniachia yote alipokwenda kwao.

— Na wewe umefika buku la ngapi?

— La kwanza.

— Ukurasa?

— Arobaini na moja.

— Tangu lini?

— Mwaka juzi.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijiona tayari bibi kizee, meno yamekwisha, ninangoja ukurasa wa arobaini na mbili.

— Kwa nini usiruke?

— Kuruka! Wewe si ulisoma katekisimu? Ulizo la kwanza ukilikosa, walikupa la pili?

— Walinipa fimbo.

— Basi.

Hilo ndilo kosa lake, na lilikuwa letu sote tuliofundishwa na misioni. Tulidhani kila buku ni katekisimu.

Nikaingia ndani bila kuomba ruhusa, nikavuta sanduku. Mabuku yale yalikuwa mazito kama matofali, ila la saba, jembamba, limelala chini kabisa. Nikalifungua. Kifaransa sikujua. Masista walinifundisha miaka mitatu tu, kusoma Kiswahili na kushona. Lakini macho ninayo.

— Hii ni barua, nikasema.

— Liache, Léo. Hilo ni la mwisho.

— Placide, ni barua! Tazama. Tarehe juu, jina la mutu, mistari kidogo, sahihi chini. Na huku barua. Na huku. Anamwandikia nani?

Akaja, akatazama juu ya bega langu. Pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

— Dada yake.

— Dada alisoma seminari?

— Hapana... hapa anamuuliza habari za maziwa. Alikuwa anauza maziwa.

— Basi kwa dada amesema wazi. Nisomee.

Akasoma, akigeuza kwa Kiswahili neno moja moja:

"Dada, unaniuliza uanzie wapi kunisoma. Usianzie buku la kwanza. Lile niliandika nikiwa kijana, ili walimu wangu waniogope."

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

— Ili wamwogope, akasema. Na mimi nimeogopa miaka miwili.

— Sasa unakuja?

— Niache nimalize hizi barua kwanza, Léo. Zote. Kwa taratibu zake.

— Taratibu! Haya. Oa dada wa filozofe.

Nikapanda kamio, nikarudi Kasongo na hasira yangu. Jumanne ya wiki iliyofuata Atumani, dereva wa kamio ile, akaniletea kikaratasi:

"Léo, niko barua ya tano. Ni nzuri sana. Ngoja kidogo. Placide."

Ngoja! Sikuweza kukaa chini. Nilitwanga mchele uliokwisha kutwangwa. Nilikwenda mtoni na mtungi uliojaa maji. Mama aliniangalia tu. Nikageuza kile kikaratasi, nikaandika nyuma, Atumani akaondoka nacho saa ile ile:

"Placide, mvua haisomi. Jumamosi Marcellin analima. L."

Jumamosi Marcellin akafika mapema, shati jeupe, viatu vinang'aa. Akasalimu vizuri, sitamsingizia. Akaketi kwenye gogo, akaanza kuvua viatu pole pole, akitafuta pa kuviweka visichafuke. Akajaribu kwenye jiwe. Akajaribu kwenye jani la mgomba.

Ndipo nikasikia mnyororo wa baiskeli.

Placide alikuwa tope mpaka nyusi. Akaegemeza baiskeli, akaenda moja kwa moja ukutani, akashika jembe lake.

— Mwalimu, umechelewa, baba akasema.

— Baba, jembe langu lilitangulia. Na mvua ingali inanyesha.

Baba akamtazama Marcellin.

— Karani, wewe ungali unatafuta pa kuweka viatu?

Nikamsogelea Placide.

— Umemaliza barua?

— Nimeacha ya tisa katikati. Karatasi yako ilifika.

— Na ahadi? Anasema ni kitu gani?

— Anamwambia dada yake: "Sijui. Nimeandika mabuku sita, sijui. Wewe uliyekaa na mume wako miaka makumi matatu, niandikie mimi."

Akaingia shambani, akatazama kushoto, akatazama kulia, jembe limeinuka juu, halishuki.

— Mama, nianzie wapi?

Mama yangu hakuwahi kushika buku hata siku moja.

— Hapo ulipokanyaga, mutoto wangu.

Akalima mpaka jua likageuka. Alilima vibaya, matuta yamepinda kama nyoka. Marcellin akavaa viatu vyake, akatuaga kwa heshima. Mama akamletea Placide maji mwenyewe, kwa mikono miwili, na kwetu hilo ndilo jibu.

Ukurasa wa arobaini na mbili Placide aliusoma wakati mtoto wetu wa tatu alipokuwa anaota meno. Akaniambia haukuwa mgumu.