Kipimo cha Jumamosi

Maiti ya fundi saa ilikutwa kitini saa moja asubuhi, blanketi magotini, redio ikiendelea kuongea peke yake. Binti yake alidhani amesinzia. Alipomgusa bega ampe chai, akajua.

Inspekta aliyefika pale alikuwa mwanamke wa makamo. Wenzake kituoni walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alivaa barakoa, akasimama mlangoni, akapitisha macho chumbani kabla ya kugusa chochote. Ukutani zilining'inia saa kumi na moja, zote zikienda sawa. Dirisha lilifungwa kwa ndani. Hakuna kilichovunjwa wala kupinduliwa.

"Hana jeraha," alisema daktari wa polisi. "Ni mapafu. Sampuli nimeshachukua, lakini ukiniuliza mimi, hii ni korona."

"Haiwezekani," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu, mtu wa miaka arobaini hivi, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchapa lebo. Macho yalikuwa yamemvimba. Mkononi alishika boksi dogo la vipimo vya nyumbani.

"Hakuna aliyeingia humu bila kujipima. Ndiyo ilikuwa amri ya mzee. Na wote tulitoka hasi. Sasa tazama hapa, afande."

Akaligeuza boksi. Mahali pa tarehe ya mwisho wa matumizi palikuwa pamebandikwa kikaratasi cheupe chenye tarehe nyingine.

"Yule mwenye duka la dawa katuuzia vitu vilivyokwisha muda. Sisi tukaviamini, na mzee ndiye huyo."

Mchana wa siku hiyo duka la dawa lilikuwa limefungwa kwa utepe wa polisi, na mwenye duka amekaa mbele ya Inspekta, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Boksi hili ni lako?"

"Ni la dukani kwangu. Nilimuuzia binti wa mzee kwa mkono wangu."

"Na kibandiko?"

"Hicho sikijui."

"Kimefikaje hapo?"

"Afande, huu ni mwaka wa kumi na tisa nauza dawa. Ikipita muda naitenga, wanakuja kuichukua ikachomwe. Sibandiki kitu juu ya kitu." Alivuta pumzi. "Na kila anayenunua kipimo namwambia maneno yaleyale. Kikionyesha mistari miwili, amini. Kikionyesha mmoja na bado unaumwa, rudia baada ya siku mbili."

"Binti ulimwambia?"

"Nilimwambia. Lakini wanangu wamesimama barazani wakinitazama napandishwa gari la polisi. Hilo nani atalifuta?"

Inspekta alimrudisha mahabusu, akarudi mezani kwake. Akakibandua kile kikaratasi kwa kibanio, polepole. Chini yake karatasi ya boksi ilikuwa imechubuka na kunuka dawa ya kufutia wino.

"Ameumbuka," alisema koplo, mzee wa kazi aliyebakiza miezi michache astaafu. "Kafuta tarehe ya zamani, kaweka mpya."

Inspekta alifungua boksi. Vipimo vilikuwa vitano. Vitatu vilishatolewa, viwili vingali ndani ya pakiti zake zilizozibwa. Akaisogeza moja karibu na taa. Pembeni ilichapwa namba ileile ya toleo iliyokuwa kwenye kifuniko cha boksi, na tarehe. Bado miezi minane.

"Koplo, ukinunua shati jipya leo, utalitia kiraka?"

"Nilitilie kiraka cha nini?"

"Ndilo swali langu. Vipimo hivi ni vizima. Mwenye duka hakuwa na tarehe ya kuficha. Aliyebandika hapa alitaka tukione."

Kesho yake asubuhi alirudi kwenye nyumba ya marehemu. Binti, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiishi na baba yake tangu mama afariki, alimkaribisha jikoni. Akatoa kwenye droo mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na vibao vitatu vya kupimia, kila kimoja kimefungwa pamoja na kijiti chake cha pamba na kichupa chake, na nyuma yake pameandikwa kwa kalamu nyembamba: nani, siku gani, saa ngapi.

"Baba hakuweza kutupa kitu bila kukiandikia," alisema. "Ni mambo ya saa za watu hayo. Miaka yote alikuwa akiogopa kumpa mteja saa isiyo yake."

Binti, Ijumaa. Mwana, Jumamosi. Mzee mwenyewe, Jumatano iliyofuata. Vyote mstari mmoja.

"Nieleze Jumatano."

"Alianza kukohoa. Tukampima, hasi. Nikampigia kaka, nikamwambia baba anakohoa ila kipimo kiko safi. Akasema basi ni mafua, mpe vitu vya moto."

"Hukurudia baada ya siku mbili?"

Binti aliangalia chini. "Niliambiwa nirudie. Lakini mimi hasi, kaka hasi, mzee hatoki nje. Nikajiuliza, korona itatokea wapi?"

"Jumamosi kaka yako alijipimia wapi?"

"Barazani. Unajipima, unangoja robo saa, ndipo unafunguliwa."

"Ulimwona akijipima?"

"Alikuwa ametugeuzia mgongo. Aliponionyesha mstari mmoja nikamfungulia, nikaenda zangu sokoni."

Inspekta alivitia vibao kwenye bahasha za ushahidi, akavituma maabara vikapimwe vinasaba. Majibu yalichukua siku tatu. Mtaalamu wa maabara alimpigia simu mwenyewe.

"Kibao cha binti kina vinasaba vya binti. Cha mzee kina vya mzee, na sampuli za daktari zimethibitisha korona. Hicho cha Jumamosi kimenishinda."

"Kina vya nani?"

"Havimo vya mtu. Kile kijiti hakijaingia pua ya binadamu. Kibao kilidondoshewa maji ya kichupani, basi. Na maji matupu siku zote yatakupa mstari mmoja."

Inspekta alishukuru, akakata simu, akamalizia chai yake iliyokuwa imeshapoa. Kisha akachukua kofia.

Kiwanda cha lebo kilikuwa kinanuka gundi. Msimamizi wa zamu alikiangalia kile kibandiko kwa kioo cha kukuzia, akacheka kidogo.

"Hiki ni cha mtambo wetu namba mbili. Kisu chake kina pengo. Kila lebo inatoka na mkwaruzo hapa pembeni, umeuona? Tumelalamika weee, tumechoka."

"Nani anauendesha mtambo huo?"

Msimamizi aliacha kucheka. "Ni yule aliyefiwa na baba. Jumapili jioni alipita hapa kuchukua vitu vyake. Masikini, na mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuumwa."

"Kuumwa nini?"

"Korona. Ijumaa ya juma lililotangulia aliomba ruhusa, nikamwambia nitumie ushahidi." Alitafuta kwenye simu yake, akampa Inspekta. Ilikuwa picha ya kibao cha kupimia juu ya kitambaa cha meza. Mistari miwili, myekundu, haina ubishi. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

Jumapili jioni. Mzee alikutwa Jumatatu asubuhi. Inspekta alilizungusha hilo kichwani njia nzima ya kurudi kituoni.

Kwanza alisaini karatasi za kumwachia mwenye duka la dawa, akamtuma koplo akang'oe utepe mchana kweupe, majirani wakiona. Ndipo akamwita mwana wa marehemu. Alimweleza haki zake, pamoja na ya kunyamaza. Kisha akapanga mezani ile pakiti iliyozibwa, ripoti ya maabara, na picha.

Yule bwana aliivuta picha karibu.

"Ijumaa ulijua," alisema Inspekta.

"Nilijua."

"Jumamosi ukaenda."

"Nikaenda."

"Na Jumapili ukachapa kibandiko, baba yako angali hai."

"Dada alinipigia kusema mzee hapumui vizuri, lakini asubuhi wataona daktari. Nikajua ni mimi. Nikaona lazima apatikane mtu mwingine wa kulaumiwa. Asubuhi nilipofika, dada yumo chumbani analia, nikalichukua boksi jikoni, nikaifuta tarehe, nikabandika."

"Ungemwambia dada yako Jumapili ile, mzee angelala hospitali."

"Najua, afande."

"Sitakuficha, hata ungejipima kwa haki, kipimo kingeweza kukosea. Kwenda kwako ni kosa. Kunyamaza kwako ndiko kulikommaliza mzee."

Aliitikia kwa kichwa. Baadaye akaanza kusema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asioutaka tena.

"Mama alipolazwa, miaka miwili nyuma, nilijipima nikatoka mistari miwili. Nikatii. Nikajifungia siku kumi. Mama aliniulizia siku tatu mfululizo, ya nne hakuuliza tena. Nilimzika kwa kutazama simu. Ijumaa ile baba kanipigia: njoo kesho, kuna neno nataka nikuambie uso kwa uso. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga. Nikasema safari hii sitii."

Inspekta aliandika maelezo yake yote, akamsomea, naye akasaini. Taarifa za uongo kwa polisi. Kuvuruga ushahidi. Uzembe uliosababisha kifo. Alipomaliza, yule bwana aliuliza, "Dada ameshajua?"

"Yuko nje. Ni bora ayasikie kwako."

Binti aliingia, akakaa. Inspekta alisogea dirishani, akawaacha. Alisikia kila kitu kikisemwa tena, kwa maneno machache zaidi.

"Jumatano nilipokupigia," binti aliuliza hatimaye, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kiti kikasogea. Inspekta alidhani binti anaondoka, lakini alikuwa amesimama tu, mkono juu ya meza.

"Baba alitaka kukuambia nini?"

Kaka yake aliinua uso.

"Kuhusu mama. Aliniambia, mwanangu, najua bado unajilaumu. Acha. Siku ile ulifanya vizuri kutokuja. Ungekuja, ungetumaliza na sisi." Alifuta uso kwa kiganja. "Akanishika mikono yote miwili, dada. Na mimi nikamwachia ashike."