Mkasi Wangu na Sanda ya Mama Mkwe

"Saadia, fungua sanduku! Tuitazame sanda ya mamako!"

Jamani, jamani!

Mama mkwe wangu, Bi Mwanarusi, yuko kitandani, homa imempanda, watu wadhani hatafika asubuhi. Chumba chetu cha mtaa wa Kuze, Mombasa, kimejaa wanawake. Anayeniamrisha ni jirani, Bi Mwanaesha.

Na mimi najua sandukuni hamna kitu.

Ile sanda nimeikata mwenyewe!

Ngojeni niwaeleze. Mwaka 1996 nilikuwa na cherehani yangu. Mume wangu Jaffar alisimamia wachukuzi wa saruji ghalani Shimanzi, nami niliwashonea vitambaa vya kuziba pua na mdomo. Nyinyi siku hizi mnaziita barakoa. Kila Alhamisi vilirudi vimekakamaa kwa saruji, vifuliwe.

Basi Idi pili, siku ya pili ya sikukuu, Jaffar akaja mbio.

"Meli imeingia! Wanataka arubaini, kesho asubuhi!"

"Utavipata," nikajigamba.

Bafta, ile nguo nyeupe niliyoshonea, ikaishia kwenye kumi na mbili. Maduka yamefungwa. Nikalikumbuka sanduku...

Wazee wetu hujiwekea sanda mapema. Ya Bi Mwanarusi ilikuwa bafta safi, imehifadhiwa na karafuu maiti, ile kafuri yenye harufu kali. Nikaikata, nikasema nitanunua nyingine, hatajua. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Uzembe tu, sina cha kujitetea.

Sasa wanawake wote wananitazama.

"Ufunguo... mie..."

Bi Mwanarusi akainua kichwa.

"Mwacheni. Sanda nimeitoa sadaka. Nendeni majumbani kwenu."

Walipotoka nikamwangukia miguuni.

"Mama, nisamehe! Niliikata!"

"Najua."

"Wajua?!"

"Ukiroweka vitambaa ukenda sokoni Marikiti, nani alokuwa akivifua?"

"Si wifi Duha?"

"Duha huyu asofua hata leso yake? Ni mimi! Siku ya kwanza tu nalisikia harufu ya karafuu maiti yangu. Mwaka mzima naifua sanda yangu, Saadia, nangoja uniambie."

Sikuweza kumtazama.

"Ungaliniomba," akasema, "ningalikushikia kitambaa ukikata."

Alipona, alhamdulillahi. Bafta mpya nilimnunulia wiki ile ile, na miaka minane baadaye ndiyo aliyozikwa nayo.

Ndugu zangu, ombeni. Aibu ya kuomba ni ya dakika moja. Yangu mimi naibeba mpaka leo, kila nikishika mkasi.