Mwili Uliopimwa

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Chai inachemka jikoni, redio ya jirani inaimba, cherehani ya sebuleni inakereketa tangu jua lilipochomoza. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: vyumba vitatu, sebule moja, na choo kimoja kilichowagombanisha kila asubuhi. Waliipanga wasichana watatu, wote wanafunzi wa chuo cha ushonaji ng'ambo ya barabara. Ninayemjua vizuri ni mmoja tu, binti wa shangazi yangu, ambaye tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Haya alimweleza mama yake kwa simu, na shangazi akanieleza mimi.

Wa pili walimwita Katibu, maana alikuwa katibu wa darasa na alikuwa na marafiki wengi mtandaoni kuliko wakazi wa mtaa mzima. Wa tatu ni Shwari. Cherehani ilikuwa yake. Mama yake alifua nguo za watu mpaka akaipata, na Shwari hakuwahi kumnyima mtu kuitumia. Alikuwa mnene, mpole, na bega lake la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia. Ukimshonea lazima umshushie bega hilo, la sivyo kola inapinda. Chiriku alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyempima tangu mwaka wa kwanza.

Pale chuoni wanafunzi hupimana wao kwa wao. Na siku ya kwanza kabisa mwalimu wao, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliwaambia jambo moja, akalirudia. Mwili uliopimwa ni amana. Ulichokiona mtu akiwa na gaguro lake la ndani, na ulichokisoma kwenye futi, kinabaki kati ya mikono yako. Fundi hatoi mwili wa mtu nje. Wote waliitikia, kama wanafunzi wanavyoitikia.

Sasa wiki ile mwalimu alikuwa amechagua gauni la Shwari likaonyeshwe kwenye mahafali. Chiriku alikuwa na hakika kwamba litachaguliwa lake. Alimpongeza mwenzake, akamkumbatia, huku kijicho kikimla ndani kwa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa hawa mafundi msemo huo haukuhitaji kufafanuliwa.

Basi Jumamosi hiyo Shwari alisimama sebuleni akiwa na gaguro lake lenye maua pembeni, mikono juu, akisubiri kupimwa. Safari hii ni Katibu aliyezungusha futi nyongani. Futi haikufika. Katibu akaangua kicheko, na Chiriku, ambaye alikuwa nyuma na simu mkononi, akapiga picha. Uso haukuonekana. Aliandika chini yake, "Futi imekwisha, mwili bado," akaituma kwenye kundi la darasa. Ilikuwa utani tu, ndivyo alivyomwambia mama yake baadaye. Katibu akaisambaza kwa marafiki zake wote.

Kufika mchana picha ilikuwa imeshavuka mji. Uso haukuhitajika. Darasa zima lilikuwa limewahi kuliona gaguro lile. Watu wasiomjua Shwari, wasiojua hata anapoishi, waliandika neno moja, kila mtu kwa zamu yake. Punguza. Punguza hapo. Punguza na pale.

Shwari aliyasoma yote, mezani, chai ikipoa mbele yake. Hakulia. Alimaliza kushona pindo la sketi ya Chiriku, maana alikuwa ameahidi kumsaidia, akakata uzi kwa meno. Jumatatu alifunga nguo zake kwenye begi, arudi kwao. Cherehani aliiacha.

"Chukua cherehani yako bwana," Chiriku alimwambia, macho chini.

"Nawaachia," Shwari alisema kwa sauti ndogo. "Mtashona nayo."

Kazi ya kwanza ya Chiriku kwenye cherehani ile ilikuwa gauni la karani mmoja wa posta, mwanamke mwembamba kama ufagio. Alipima, akakata, akapima vipande tena mezani. Vilikuwa sawasawa. Akashona, akapiga pasi, akalitundika ukutani, na gauni likaning'inia pana, lingemeza makarani wawili. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka.

Alijilaumu kwa kutokuwa makini. Akalifumua, akakata upya. Alivyokuwa akishona alisikia kitu ndani ya mlio wa cherehani, chini kabisa, mahali pale ambapo mguu unakanyaga. Alisimamisha gurudumu. Kimya. Akakanyaga tena. Kikarudi, kama watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili.

Punguza.

Gauni la pili nalo lilitoka la Shwari. Bega lile lile. Ila kiuno kilikuwa kimeingia.

Akashona blauzi ya jirani. Ikatoka ya Shwari, nyembamba zaidi. Akaenda kushonea chuoni, kwenye cherehani nyingine, mwalimu akiwa pembeni. Ikatoka ya Shwari. Alizitundika zote kwa mpangilio kwenye kamba sebuleni, akarudi nyuma hatua chache ili aziangalie. Hapo ndipo alipokaa sakafuni. Alikuwa anauangalia mwili wa mtu mmoja ukiisha.

Alipiga simu. Simu ya Shwari ilikuwa imezimwa. Akaifuta ile picha, lakini ilikuwa kwenye simu za watu elfu asiowajua, na maji yakimwagika hayazoleki. Akamwendea Katibu chumbani.

"Twende kwao tukamwombe radhi," alisema. "Anakufa, Katibu. Nakuapia, anakufa."

Katibu alizitazama nguo kwenye kamba, akazitazama tena, akaanza kufungasha vitu vyake.

"Mimi nilicheka tu," alinong'ona. "Aliyepiga picha ni wewe."

Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Chiriku alishona kitu kimoja zaidi, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua kama mwenzake bado yu hai. Gauni lilitoka jembamba kuliko mwili wake yeye mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kusifiwa unene. Alilikunja, akalitia kwenye mkoba, akapanda basi la asubuhi.

Mama yake Shwari alikuwa uani, mikono imejaa povu. Alimtambua. Hakumtukana, na hilo lilimuumiza Chiriku kuliko matusi.

"Hali kitu, mwanangu," mama alisema taratibu. "Tumempeleka hospitali, wamepima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Nikimpa chakula ananiambia, mama, bado hawajaridhika."

Chumba kilikuwa na kitanda na dirisha moja, na jua la saa nne lilikuwa limejaa ndani. Shwari alikuwa amelala chali. Mashavu yalikuwa yameingia, na mikono aliiweka juu ya shuka kana kwamba hataki kuisumbua. Chiriku alimtandikia lile gauni kifuani. Lilimkaa barabara, mpaka bega.

Alipiga magoti. Maneno yote aliyoyapanga kwenye basi yalimtoroka, chiriku huyo, akabaki kulia tu na kusema nisamehe, nisamehe, nimekukosea, nilikuonea wivu.

"Nilishakusamehe," Shwari alinong'ona. "Sio mimi ninayepima."

"Nani basi?"

Shwari alielekeza macho ukutani, nyuma ya mgongo wa Chiriku.

"Siwajui. Ni wengi. Kila mmoja ana futi yake." Alipumzika, akameza mate. "Uliwaita wewe."

Chiriku hakugeuka. Ukuta haukuwa na kitu, aliuona vizuri alipoingia, rangi ya bluu na msumari mmoja. Lakini aliuhisi mgongo wake ukiguswa. Kitu chembamba, baridi, kikipita kutoka bega moja hadi jingine. Kikatulia. Kikaondoka.

"Wanataka nini?"

"Mwili. Wa nani, hawajali."

Nje mama alikuwa anasuuza nguo, maji yakimwagika kwenye karai. Chiriku aliniambia mimi mwenyewe zamani kwamba woga wake mkubwa ni kuchekwa. Alizaliwa mzima, lakini alivunjika mguu utotoni na mfupa ukaunga vibaya, mguu wa kulia ukabaki mfupi. Nguo zake zote alijishonea mwenyewe, pindo limepandishwa upande mmoja, ili mtu asijue. Hata Katibu hakujua. Pale chuoni aliyejua ni Shwari tu, ambaye alimpima miaka miwili na hakuwahi kufungua mdomo.

Alisimama, akavua gauni lake, akabaki na gaguro. Akamkabidhi Shwari simu.

"Nipige."

"Chiriku, hapana. Hawa wakija hawaondoki."

"Nipige. Mguu uonekane."

Shwari aliinua simu, akapiga. Chiriku akaandika kila kitu: kwamba picha ile aliipiga yeye, kwamba alimvunjia rafiki yake amana, na kwamba kama wanataka mtu wa kupima, basi wampime yeye. Aliweka na jina lake. Akatuma. Majibu yalianza kabla hajafunga vifungo.

Mchana ule Shwari aliomba mkate. Aliula wote. Akaomba mwingine, na mama yake alikaa kwenye kizingiti akalia na povu lake mikononi. Chiriku alipanda basi la kurudi akampigia shangazi yangu simu, na hapo ndipo alipomweleza habari nzima. Shangazi anasema sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alisema tu kwamba abiria wa nyuma yake hawakomi kumgusa mgongo. Shangazi akamwambia ahame kiti.

"Nimeshahama, mama," alisema. "Nimekaa kiti cha mwisho kabisa."

Siku zilizofuata alipiga simu mara kwa mara, na kila mara kwa maneno machache. Ameshona gauni la mteja, limetoka la kwake, pindo limepanda upande mmoja. Ameshona jingine. Limeingia kiuno. Shangazi alimsihi arudi nyumbani. Akasema haifai, atawaleta. Akamsihi aiache cherehani. Akasema hashoni tena, ila inashona.

"Unakula?" shangazi aliuliza.

"Mama, nakula. Nakula sana." Halafu kwa mnong'ono, "Bado hawajaridhika."

Simu ya baada ya hapo haikupokelewa.

Tulikwenda shangazi na mimi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani, komeo na ufunguo. Tulimkuta mtu kibarazani ametutangulia, mwanamke mnene, amejifunika kitambaa begani, jasho linamtoka kwa mwendo. Alikuwa Shwari. Mwili wake wote ulikuwa umerudi. Alikuwa amekuja kumchukua mwenzake ili aishi naye kwao. Fundi wa milango alituvunjia komeo.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Chai ilikuwa mezani, na sahani ya chakula iliyofutwa ikabaki nyeupe. Viatu vyake vilikuwa chini ya cherehani, kile cha kulia na soli nene, mahali pake pa kukanyagia. Tuliita jina lake chumba kwa chumba. Tulifungua makabati. Shangazi aliinama akachungulia hata chini ya kabati la jikoni, ambako hata paka asingeenea.

Chini ya sindano kulikuwa na gauni, limeshamalizika, uzi haujakatwa. Mimi nililiona kwa kitambo kidogo tu. Niliona pindo, upande mmoja limepanda. Nikaona na kiuno.

Shwari alifika kabla ya shangazi. Alikata uzi kwa meno, akalikunja gauni haraka, mara nyingi, likawa dogo la kufumbatika, akalisukuma ndani ya kitambaa chake na kulikumbatia.

"Nipe nione," shangazi alisema. Mikono yake ilikuwa mbele. "Ni la mwanangu. Lina ukubwa gani? Niambie tu, nimtafute mtoto wa ukubwa gani?"

Shwari machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, lakini hakukifungua kitambaa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mwili uliopimwa ni amana."

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mwenye nyumba amepaka sebule ile rangi upya na nyumba ameipangisha kwa wanafunzi wengine. Nilipita pale majuzi. Wapangaji wapya walinionyesha ukuta wa nyuma ya pale ilipokuwa cherehani, wakaniuliza kama najua ni nini. Ni mistari ya chaki ya kushonea, mifupi, mamia kwa mamia, kila mmoja umechorwa na mkono tofauti. Wakiifuta inarudi. Ya juu kabisa inalingana na urefu wa Chiriku. Halafu inashuka, mstari chini ya mstari, mpaka sakafuni.

Msichana mmoja kati yao aliniambia kwamba jana yake walikuwa wameipiga picha, wakaituma.