Maziwa ya Desi

Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, ingawa hakuna mtu anayeningoja popote. Nilikuwa afisa wa mifugo kwa miaka thelathini na minne, nikitibu ng'ombe wa Tetu, Nanyuki na hapa Mweiga. Siku nilipostaafu, wakubwa walinipa barua, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Saa ile ilikufa mwaka uliofuata. Mimi bado.

Nikishaamka nachemsha chai, nakunywa nikiitazama milima ya Nyandarua ikitoka gizani, kisha nakwenda kukama. Nilikuwa na ng'ombe wawili, Waridi na Desi. Watoto wangu pia ni wawili: Gatimu yuko Nairobi na Warigia anafanya kazi hotelini Nanyuki. Ng'ombe nilikuwa nawaona kila siku, watoto nawasikia kwa simu. Mke wangu amelala chini ya shamba la majani ya ng'ombe, mwaka wa nne sasa.

Alipofariki, Gatimu aliniletea binti yake nikae naye. "Asikae peke yake mzee," walisema. Binti huyo anaitwa Wakiuru, jina la nyanya yake, kama desturi yetu inavyotaka. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na tangu siku ya kwanza aliponiita Guka, yaani babu, alijua kwamba jina lile lina mamlaka. "Guka, vaa sweta. Guka, hiyo chai ina sukari ngapi?" Majirani walinicheka wakisema marehemu amerudi akiwa na sare ya shule.

Kazi yake ya asubuhi ilikuwa moja tu: kubeba mtungi wa maziwa hadi kituo cha ushirika kando ya barabara, kisha kuendelea na safari ya shule. Mimi nilifuata baadaye, polepole, kupiga gumzo na wenzangu. Kwa kweli kituo kile ndicho kilichokuwa kazi yangu baada ya kazi. Watu waliniita daktari, wakaniuliza habari za ndama na kupe, nami nilirudi nyumbani nikijiona bado mtu wa maana.

Mwezi wa Mei Desi alivimba kiwele. Nilimtibu mwenyewe kwa dawa ya chuchu, nikamfunga kitambaa chekundu mguuni. Kila mfugaji wa Mweiga anajua maana ya kitambaa hicho, maana ni mimi niliyewafundisha: maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa humwagwa hadi siku tatu zipite baada ya dozi ya mwisho. Hayauzwi, hayanywewi, hata paka hapewi.

Siku ya Jumanne nilimkama Waridi nikajaza mtungi. Kisha nikamkama Desi kwenye ndoo ya kijani, nikaiweka kando ya ua ili nikaimwage shimoni. Hapo simu ikalia ndani. Alikuwa Warigia, akinieleza kwa nini hatakuja Jumapili. Maelezo hayo huwa marefu. Nilipotoka, Wakiuru na mtungi walikuwa wameshaondoka. Niliibeba ndoo, nikaiona nyepesi, nikasema moyoni, "Pole Desi, ugonjwa umekukausha." Nikamwaga.

Jioni gari la maziwa lilirudi kutoka kiwandani likiwa bado limejaa. Maziwa yamekataliwa, yana dawa. Maziwa ya wakulima wote wa kituo chetu yalimwagwa kwenye mtaro wa barabara, na mtaro ukawa mweupe kutoka kituoni hadi kwenye daraja. Mbwa wa kijiji kizima walifanya sherehe. Wanadamu walisimama kimya.

Theuri, karani wa kituo, huweka chupa ndogo ya sampuli kwa kila mkulima. Zilipimwa moja moja. Yenye dawa ilikuwa namba arobaini na saba. Hiyo ni namba yangu.

Tuliitwa mkutanoni kesho yake. Mwenyekiti wetu, Wakonyo, ni mama asiyecheka hata akitekenywa.

"Daktari," alisema, "si ni wewe ulitufundisha mambo ya siku tatu? Ama tulisikia vibaya?"

"Mlisikia vizuri. Maziwa ya Desi niliyamwaga kwa mikono hii."

"Sasa chupa ndiyo inadanganya?" Theuri akauliza, bila kunitazama.

Jirani yangu Simeon alisimama kunitetea. Mungu atuepushe na watetezi wa aina hiyo. "Watu wangu, umri ni umri," alisema. "Mimi juzi nilitafuta miwani saa nzima, kumbe nimeivaa. " Akanigeukia. "Gicheru, sema tu ulisahau, tuende nyumbani."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufanya nikipigwa. Waliamua maziwa yangu yasipokelewe hadi kamati ikae tena. Hakuna aliyeniita daktari nilipokuwa nikitoka.

Nyumbani nilimkuta Wakiuru akiosha vyombo. Nikamwuliza, "Jana asubuhi uliniona nikiimwaga ile ndoo ya Desi?"

Aliendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Sikuona, Guka."

"Kuna mtu aliyeigusa?"

"Hapana." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Labda ulisahau."

Maneno mawili tu. Sikulala vizuri tena baada ya maneno hayo.

Lazima niwaambie juu ya kaka yangu Gikonyo. Alikuwa fundi wa mbao, mtu mwenye akili kali kuliko msumeno wake. Alianza kwa kusahau jiko likiwaka. Akasahau njia ya kanisani. Mwishowe alimwuliza mkewe kwa heshima kubwa, "Mama, wewe ni wa nani?" Alikufa akiwa ameniita kwa majina saba, na langu halikuwamo.

Kwa hiyo nilianza kujichunguza. Kama niliikumbuka ndoo ikimwagika na haikumwagika, basi nilikumbuka nini kingine ambacho hakikutokea? Niliogopa kuwatibu ng'ombe wangu mwenyewe. Mtu alikuja kuniuliza habari ya ndama anayehara, nikamwambia atafute kijana aliyesoma. Kituoni sikwenda. Simeon alipita barabarani bila kuingia, na mimi nilijificha nyuma ya pazia ili asione kwamba nimeona. Nilianza kunywa chai baridi kwa sababu sikuamini kwamba ningezima jiko.

Nikampigia Gatimu. Akasema, "Baba, uza hao ng'ombe. Njoo tukae na wewe huku."

"Ghorofa ya nne? Nitachunga nini, televisheni?"

"Baba, tafadhali."

Nilikubali. Aliahidi kuja kunichukua Jumamosi ya wiki ya pili. Alhamisi ya wiki hiyo mchuuzi wa ng'ombe kutoka Nanyuki alikuja kumchukua Desi. Waridi angefuata baadaye. Desi alikuwa amepona kabisa. Alikataa kupanda gari, akageuza kichwa kunitafuta, kama alivyozoea nikimwita kukamwa. Sikumwita. Mchuuzi akamsukuma.

Ijumaa Wakiuru alirudi kutoka shule akanikuta mezani na kalamu ya wino mzito na vipande vya katoni. Nilikuwa nimebandika vingine tayari. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango: UFUNGUO UKO MFUKONI. Kwenye picha ya harusi yetu niliandika jina la mke wangu na mwaka.

"Guka, unafanya nini?"

"Ninajiandikia barua, kwa yule mzee atakayekuja baada yangu. Nasikia hana kumbukumbu."

Hakucheka. Alichukua kipande nilichokuwa nimemaliza, akakisoma. Kiliandikwa: HUYU NI WAKIURU. BINTI WA GATIMU. MJUKUU WAKO. ANAKUPENDA.

Alikaa chini sakafuni na mkoba wake mgongoni. Nilidhani anaumwa.

"Guka, hukusahau," alisema.

"Sikusahau nini?"

"Ulimwaga. Nilikuwa nimeshachota kabla hujamwaga." Sasa alikuwa analia na maneno yanatoka vipande vipande. "Nilikuwa nazungusha mtungi, ule mchezo wetu sisi watoto wa kuuzungusha hewani bila kumwaga tone, mfuniko ukatoka. Maziwa ya Waridi yakamwagika langoni. Nikaogopa. Nikajaza kwa ndoo ya Desi. Yalikuwa kidogo tu, Guka! Nilidhani hayataonekana."

"Na ulipoambiwa yamekataliwa?"

"Nilitaka kusema. Halafu watu wakasema umezeeka, wakacheka, nikaona... nikaona kesi imeisha."

Nilianza kucheka. Kumbe bado niko na akili zangu! Kumbe ndoo ilikuwa nyepesi kweli! Nilicheka hadi machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Nilifikiria Desi akigeuza kichwa. Nilimtazama mtoto huyu mwenye jina la mke wangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na utani wowote mdomoni.

"Kesho asubuhi tutakwenda kituoni," nikamwambia. "Nitasimama karibu na wewe. Lakini mdomo utakuwa wako."

Usiku ule hakula. Mimi pia sikula. Asubuhi kituo kilikuwa kimejaa, mitungi imepangwa foleni. Wakiuru alisimama mbele ya meza ya Theuri. Aliinama akavuta soksi zake juu.

"Ni mimi," alisema.

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ni mimi nilichanganya maziwa ya Desi! Guka alimwaga yake. Hakusahau. Mimi ndiye nilimwambia amesahau."

Wakonyo alimsogelea. "Unajua maziwa ya familia ngapi yalimwagwa siku ile?"

"Yote, Mama Mwenyekiti."

"Basi utaosha mitungi ya hapa kila Jumamosi hadi shule zifungwe. Na utatuomba msamaha mmoja mmoja, si kwa jumla. Anza na yule wa mwisho kwenye foleni."

Alianza. Nilimwona akienda kwa kila mtu, akisema maneno yale yale, wengine wakimpa mkono, mmoja akimgeuzia mgongo. Theuri alikuja akanyoosha kidole kwenye daftari lake. "Namba arobaini na saba imefunguliwa, daktari. Leta maziwa." Simeon alisimama pembeni akikuna kichwa, akaniuliza kama nina dawa ya mtu mwenye mdomo mrefu. Nikamwambia ipo, lakini ni ya sindano.

Nilimpigia mchuuzi. Desi alikuwa ameshauzwa sokoni Nanyuki, kwa mtu asiyejulikana jina, aliyempakia kwenye lori lililoelekea kaskazini. Hakujua zaidi.

Gatimu alifika saa saba na gari la kubebea vitu vyangu. Alisikia kila kitu akiwa amesimama. Alirudi Nairobi na gunia la viazi na hasira yake, bila mimi.

Jioni nilimkuta Wakiuru zizini, amekaa upande uliokuwa wa Desi. Niligeuza ndoo nikakaa karibu naye.

"Mama yangu alikuwa akisema hivi," nikaanza, kisha nikaacha. "Hapana. Hili si la mama yangu, nimelijua mwenyewe mwezi huu. Kumwaga maziwa ilikuwa ajali. Kuchota kwenye ndoo ya Desi lilikuwa kosa. Ungeniambia asubuhi ile ile, ningekugombeza, tukapoteza mtungi mmoja, tukaenda zetu. Kosa ukilikubali mapema, unalilipa wewe mwenyewe. Ukilificha, linatoka kwenda kutafuta mtu mwingine wa kulipa. Nalo halichagui. Linaweza kumpata mzee asiyejua hata anadaiwa nini."

"Na ng'ombe," alisema.

"Na ng'ombe."

Alivunjavunja majani makavu. "Guka, kama ningejua kwamba Desi hatarudi, bado ningepaswa kusema?"

"Bado."

"Lakini nilikuwa nimechelewa."

"Kwa Desi ulichelewa," nikamwambia. "Na hilo utakaa nalo, sitakudanganya. Lakini mimi nilikuwa bado niko hapa, nimefunga sanduku moja tu la safari. Kwangu uliwahi."