Makaburi Manne ya Mlimani

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, Kasuku alikimbilia chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani. Humo ndimo ilimokuwa redio ya watoto: meza moja, kipaza sauti kimoja, na trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia kelele za cherehani. Shangazi yake ndiye aliyeendesha mitambo. Watoto walitangaza kwa lugha ya nyumbani, lugha ile ile ambayo wazazi wao walichapwa viboko kwa kuisema shuleni. Walieleza kila kisima na kila kaburi la ardhi yao, kwa sababu kampuni ya mashamba ilikuwa inamwambia ofisa wa ardhi kwamba pale ni pori lisilo na mwenyewe.

Jumamosi hiyo shangazi hakumsalimu.

"Kasuku, kule mlimani kuna makaburi mangapi?"

"Saba. Si nilitangaza?"

"Mtu wa kampuni amepanda, amehesabu manne. Sasa anasema kama makaburi ni ya kubuni, visima navyo ni vya kubuni, na sisi wenyewe ni wa kubuni. Ofisa anakuja Jumatatu kuamua."

"Sikupanda, shangazi. Jua lilikuwa kali. Nikaona saba inasikika vizuri."

"Kwao imesikika vizuri sana. Chukua kinasa sauti, kamwombe bibi yako akupeleke."

Bibi alipanda akihema na kumtania. "Ulimi wako una mbio, mjukuu wangu. Miguu ndiyo mivivu."

Kwenye kila kaburi alisimama akaeleza nani amelala pale, alimzaa nani, alilima wapi. Kasuku alinasa yote. La nne lilikuwa la mama yake bibi. Hapo bibi alichuchumaa, akang'oa magugu.

Jumatatu ofisa na mtu wa kampuni waliketi katika chumba cha redio, na Kasuku akaingia hewani.

"Nilidanganya," alisema. "Nilisema saba bila kupanda. Ni manne. Kosa ni langu, si la wazee wangu."

Mtu wa kampuni akacheka. "Mheshimiwa, umesikia mwenyewe."

"Samahani mzee, sijamaliza." Hakushusha sauti. "Wewe umeyahesabu. Nani amelala katika la kwanza?"

Yule bwana akapekua karatasi zake; mlikuwa na idadi tu.

"Humjui. Mimi namjua." Akabonyeza kinasa sauti, na sauti ya bibi ikajaa chumbani, kaburi baada ya kaburi.

Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mtu wa kampuni. "Uliniandikia kwamba pale hapana mwenyewe. Halafu ukaenda kuhesabu makaburi yao. Pori huzika watu?"

Siku hiyo hiyo aliamuru vigingi ambavyo kampuni ilikuwa imeshapigilia kuweka mipaka yake ving'olewe.

Walipobaki wawili, shangazi alimvuta Kasuku karibu. "Wanaoitaka ardhi yetu hawahitaji tudanganye kila siku. Mara moja inawatosha. Kwa hiyo tangaza ulichokiona, na ulichoambiwa na wanaojua. Ukikosea, jisahihishe mbele ya watu wote. Ukishajisahihisha, usiinamishe kichwa. Endelea kusema."