Injini Iliyomeza Maneno

Siku ilianza vizuri tu. Fundi alifungua gereji, akafagia, akabandika birika, akaanza kubishana na jirani yake, yule mchonga vyuma, kama wanavyobishana kila asubuhi. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya bloku mbili za injini zilizolala mezani. Moja ya lita mbili, iliyotolewa kwenye gari la mashindano la marehemu mwanawe, silinda zimelika. Ya pili ya lita mbili na nusu, ya ukoo huohuo, nzima kabisa.

"Hiyo ndogo itie slivu mpya ndani ya silinda, yaishe," mchonga vyuma alisema. "Injini ndogo ina hasira. Ukiikoroga inapanda mpaka juu."

"Inapanda, lakini turbo inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, unasubiri weee, halafu nguvu inakuja yote kwa mkupuo, na kabla hujaifaidi imekwisha. Hii kubwa ina pumzi. Turbo inaamka mapema na inakaa macho."

"Mzee mzima wewe, mgongo wenyewe unalia ukiinama. Unataka pumzi ya kwenda wapi?"

Wakacheka. Jamani, walicheka kweli, mpaka chai ikamwagika. Mchonga vyuma hakujua kwamba Fundi hakuwa na haja ya mbio hata kidogo. Alichotaka ni kumsikia mwanawe akimaliza alichokuwa anasema.

Mwana aliitwa Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa haishi kuongea. Aliongea akila, akaongea akiwa chini ya gari, akaibembeleza nati iliyogoma mpaka ikalegea. Mwaka uliopita, kwenye mashindano ya kupanda mlima, gari lake liliparamia ukingo wa kona ya mwisho. Fundi ndiye aliyefika wa kwanza. Alilikuta limekaa kwa magurudumu yake, boneti imekunjamana, kebo ya mafuta imekwama na injini inapiga kelele ya kupasua masikio. Petroli ilinuka. Nyuma yake watu wakapaza sauti, "Mzee, rudi! Litalipuka!" Na yeye, hatua chache tu kutoka mlangoni, akasimama.

Halikulipuka. Waokoaji walipofika, mtoto alikuwa ameshakwenda.

Nyumbani alimwambia mkwewe, mke wa Chiriku, fundi cherehani anayeshona barazani: "Hakuteseka, mwanangu. Alikwenda papo hapo." Mkwe alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Ndilo lililomwezesha kupata usingizi.

Lakini Fundi alikuwa ameona, kupitia kioo, midomo ya mwanawe ikicheza. Ilisema kitu, na injini ikakimeza. Hilo hakumwambia mtu.

Aliyesikia wa kwanza ni mkwe, kabla bloku ndogo haijatolewa. Fundi alikuwa amelinyoosha gari lile bati kwa bati, maana hakujua namna nyingine ya kulia. Siku alipoliwasha na kulikanyaga, injini ikapanda, turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikapiga mluzi, na mkwe akaja mbio kutoka barazani, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Baba," akanong'ona. "Gari linaongea."

Fundi akakanyaga tena. Kule juu kabisa, ndani ya mluzi wa turbo, ilikuwepo sauti. *Baba*. Neno la pili likaanza, injini ikafika mwisho wake, likakatika. Akarudia. *Baba*. Likakatika. Kutwa nzima ikawa hivyo, mtoto anaita na hapewi nafasi ya kusema anaitia nini, mpaka silinda zikaanza kula mafuta na kutoa moshi.

"Anatuaga," mkwe alisema huku machozi yanamtoka. "Chiriku hawezi kuondoka bila kuaga. Mpe nafasi amalize, Baba."

Ndiyo maana ya bloku kubwa. Fundi aliipima, akaichonga, akaipangia pistoni mpya, na juu yake akafunga kichwa cha injini kilekile cha zamani na turbo ileile. Mkwe alimshikia taa.

"Na kama sauti imo kwenye ile bloku ndogo?" aliuliza.

"Imo kwenye turbo."

"Una hakika?"

"Sina, mwanangu."

Injini mpya hailazimishwi, inalainishwa kwanza. Siku kadhaa walitembea nayo polepole, baba mkwe kwenye usukani, mkwe pembeni, ametega sikio. Gari lilikuwa kimya. Mkwe alirudi nyumbani kila siku amevimba macho, na Fundi akajiona amemuua mwanawe mara ya pili.

Kisha ikaja ile alasiri. Jua kali, barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, hakuna mtu. "Leo naikanyaga," alisema.

Turbo iliamka mapema, kama alivyotaka.

*Baba.*

Sauti haikutoka kwenye boneti. Ilitoka humo ndani, katikati yao, karibu kiasi cha kumgusa mtu sikio.

*Baba, fungua mlango.*

Mkwe akashika kifua. Fundi hakutoa mguu. Hakuweza.

*Miguu imebanwa. Fungua mlango. Baba, nakuona. Mbona umesimama?*

Fundi akang'oa mguu, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama kando ya ukuta. Sauti ikanyamaza. Mkwe alikuwa anamtazama, na uso ule Fundi alitamani asingeuona.

"Ulimwona anaongea."

"Mwanangu..."

"Ukaniambia papo hapo."

Akashuka. Akabamiza mlango, akaondoka kwa miguu, mkono mdomoni.

Fundi akazima ufunguo. Injini haikuzimika.

Ikapanda. Hakuwa amegusa mafuta. Gia ilikuwa huru, na mshale wa raundi za injini ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Petroli ikanuka. Moshi mwembamba ukatoka ubavuni mwa boneti. Akavuta kitasa cha mlango wake. Hakikujibu. Akajaribu wa pili. Vilevile. Akapiga kioo kwa ngumi, kwa kiwiko. Hakikupasuka.

Akapiga kelele. Hakujisikia mwenyewe.

Mkwe akageuka.

Akauona moshi. Akamwona mzee nyuma ya kioo, midomo inacheza, sauti haipo. Akarudi mbio hadi hatua chache kutoka mlangoni. Akasimama.

Fundi alimtazama. Aliona hofu yake, akaona na hasira, na akaona kwamba hasira ile ni haki yake. Mtu aliye nje huonekana karibu sana. Unadhani ukinyoosha mkono utamfikia. Ndivyo mwanawe alivyomwona yeye, na mzee akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata makaburini.

"Nisamehe, baba," alisema. Hakuwa anamwambia mkwe, alikuwa anamwambia Chiriku.

Mkwe akaja. Alikuja analia, uso ameugeuzia pembeni na mkono ameutanguliza. Akavuta kitasa, kikagoma. Akaweka mguu kwenye bati, akavuta kwa uzito wake wote, kikagoma. Akavuta tena. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Fundi akaangukia mikononi mwake, na injini ikazimika yenyewe.

Walikaa chini ukutani, wameshikana kama watu waliotolewa majini.

"Niliogopa," Fundi alisema. "Ndiyo hiyo tu. Niliogopa."

"Najua. Na mimi nimeogopa." Akapangusa macho kwa kiganja. "Lakini nimekuja, Baba."

Hakumwondoa mzee begani mwake.

Baadaye, moshi ulipokwisha, mkwe alisimama kwenda kufunga mlango. Akainama karibu na kitasa. "Njoo uone," alisema kwa sauti ya chini.

Gari lilikuwa na vumbi la safari. Kando ya kitasa, kwa nje, paliachwa alama ya kiganja chake, kidogo, chembamba. Juu yake, vidole vikielekea upande uleule wa kuvuta, palikuwa na kiganja kingine. Kipana kuliko cha Fundi, cha mwanamume, chenye mafuta ya gereji.

"Nilivuta peke yangu," mkwe alinong'ona. "Kikagoma mara mbili. Ile ya tatu haikuwa nguvu yangu."

Gari limerudishwa gereji, limeegeshwa uani. Fundi huliwasha Jumapili na kulikanyaga mpaka juu, na bloku ile kubwa hunguruma vizuri, bila hila. Turbo hupiga mluzi wa turbo, basi. Mzee hungoja kidogo, akazima, akainamisha kichwa juu ya usukani.

Mvua zilinyesha, na mkono wa mkwe ukaondoka mlangoni. Ule mwingine bado upo.