Mpaka Birika Lichemke

Kila siku jua likianza kupoa, binti wa fundi cherehani alipanda ngazi za jengo lao mbili mbili, akautupa mkoba wa shule mlangoni, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshatangaza mpango mpya.

"Shikamoo, Baba. Kuanzia kesho nitaamka alfajiri nikimbie kuzunguka mtaa mzima. Mara kumi!"

"Marahaba," Baba alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Na viatu vyako uviweke pembeni, nisije nikajikwaa."

Kaka yake, aliyekuwa mezani akitafuna mkate, alisimama wima na kupiga saluti. "Mheshimiwa Waziri wa Mipango, wananchi tumekusikia!"

Jina hilo lilimganda, mpaka majirani wakawa wanamwita Waziri. Na kusema kweli lilimfaa. Mtaa aliuzunguka siku moja tu, tena mara moja, akarudi na kiatu mkononi akilalamika kuwa mawe yamezidi. Kabla ya hapo aliapa kukariri kamusi nzima. Alipofika kwenye neno "abiria" akashuka. Aliwahi pia kuahidi kufua mapazia yote ya nyumba, na Mama, ambaye ni muuguzi, aliporudi kutoka zamu alikuta pazia moja limelala kwenye beseni siku ya tatu, limeshaanza kuteleza kama kambare. Si kwamba Waziri alikuwa mvivu. Nguvu alikuwa nazo, ila zilikuwa nguvu za soda: ukifungua chupa zinafoka, ukigeuka zimekwisha.

Muhula huo shule yao ilianzisha bendi. Waziri alipoishika tarumbeta kwa mara ya kwanza, hakutaka kuirudisha. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Tarumbeta ni chache na wanaozitaka ni wengi," mwalimu wa bendi alimwambia. "Utakwenda nayo nyumbani ukajifunze. Siku chache kabla ya Siku ya Wazazi nitawasikiliza mmoja mmoja. Atakayeupiga wimbo wa ufunguzi mwanzo hadi mwisho bila kukatika, atabaki nayo. Atakayeshindwa atampisha mwenzake."

"Wimbo mmoja tu, Mwalimu? Mimi nitapiga nyimbo zote!"

"Mimi nimeomba mmoja," mwalimu alisema kwa upole.

Lakini Waziri alikuwa ameshapanga. Siku za shule mtu huchoka, aliwaza, kwa hiyo atapuliza Jumamosi, kutwa nzima, mpaka nyimbo zote zimkae kichwani. Jumamosi ilipofika alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti iliyotoka iliwafanya njiwa wa dirishani waruke wote kwa pamoja. Alipuliza tena. Alipuliza mpaka Baba akashona mfuko wa shati upande wa mgongoni.

Haukupita muda mrefu, mlango ukagongwa. Alikuwa ni jirani wa upande wa pili wa korido, mlinzi wa ghala ambaye hufanya kazi usiku na kulala mchana. Macho yalikuwa mekundu, na mto ulikuwa bado kwapani.

"Jirani, nisamehe nikiuliza," alimwambia Baba. "Huyo ng'ombe mtamchinja saa ngapi? Maana anateseka, na mimi nateseka naye."

Kutoka ghorofa ya chini, bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake alipaza sauti kwenye ngazi. "Na mimi mwambieni anihurumie! Vikombe vyangu vinacheza kabatini!"

Waziri hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Aliendelea mpaka midomo ikavimba, na chai ya jioni ikawa inamtiririkia kidevuni kama mtoto mchanga. Jumapili alipumzika. Jumatatu akapumzika tena, na siku zilizofuata hakutaka hata kuiona tarumbeta. Jumamosi ya pili alijaribu upya, akafukuzwa na midomo yake mwenyewe kabla majirani hawajafika. Akaifunika kwa khanga, akaisukuma chini ya kitanda.

Siku ya mazoezi, mwalimu wa bendi alimwomba apige mstari wa kwanza tu. Waziri alipuliza, sauti ikapasuka, akaanza tena, ikapasuka tena. Wenzake walijitahidi kuzuia kicheko, wakashindwa.

"Bado wiki chache," mwalimu alisema. "Lakini ikiendelea hivi, nitalazimika kumpa mwingine. Si adhabu. Ni kwamba wapo wanaosubiri."

Waziri alirudi nyumbani akipanda ngazi moja moja. Kwenye kona ya ghorofa yao alikaa chini, akakumbatia tarumbeta, akalia kwa kwikwi. Mlinzi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameamka na anakwenda kununua mkate, alimkuta hapo.

"Kulikoni, Waziri? Bajeti imekataliwa?"

"Wataninyang'anya, Mjomba," alisema, na machozi yakazidi. "Siwezi kupiga hata mstari mmoja."

Mlinzi alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa maneno makali, lakini kilio cha mtoto kilimshinda. Akaketi ngazi ya chini yake. Baba naye akatoka, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, na Bibi wa chini akapanda taratibu akishikilia ukuta, maana katika jengo lile hakuna kilio kilichowahi kuwa cha mtu mmoja.

"Sikiliza," mlinzi alisema hatimaye. "Mimi baba yako akibandika birika la chai ya jioni ndiyo naamka. Basi tukubaliane. Birika likibandikwa, wewe puliza. Likichemka, nyamaza. Kila siku. Kwa muda huo hata ukipuliza kama treni sitasema neno."

"Birika?" Waziri aliruka. "Mjomba, birika linachemka sasa hivi tu! Nitajifunza nyimbo zote kwa muda huo?"

"Nani amesema zote?" Baba aliingilia. "Mwalimu amekuomba wimbo mmoja. Una mistari mingapi?"

"Minne."

"Shika mmoja. Ukikutii, shika wa pili. Mtaka yote hukosa yote, mwanangu, na wewe shahidi yako ni lile pazia."

Waziri alinuna, lakini hakuwa na njia nyingine. Siku ya kwanza alisimama jikoni, tarumbeta mdomoni na macho kwenye birika. Alipata kupiga sauti mbili za kueleweka kabla mvuke haujaanza kutoka. Siku ya pili, sauti tatu. Siku iliyofuata akaona bora afanye ujanja: akalijaza birika maji mpaka mdomoni ili lichelewe kuchemka. Jioni hiyo familia ilikunywa chai mpaka Kaka akashika tumbo.

"Mheshimiwa, tunazama!" Kaka alilia, na tangu hapo yeye ndiye aliyepima maji.

Jambo la ajabu ni kwamba, kwa kuwa alikatazwa kuzidisha, Waziri alianza kutamani. Birika lilipochemka alikuwa bado na hamu, na hamu ile ilimsindikiza mpaka kesho yake. Midomo haikuvimba tena. Hakuhitaji kujiuliza kama leo atafanya mazoezi au la. Baba akishika kiberiti, mkono wa Waziri ulikwenda wenyewe kwenye tarumbeta, kama unavyokwenda kwenye mswaki asubuhi. Mstari wa kwanza ukakaa sawa. Wa pili ukamsumbua sana, kisha nao ukakaa.

"Siku hizi ng'ombe amepona," mlinzi alitania walipokutana kwenye korido. "Naona ameanza hata kuimba."

Basi jioni moja, wakati mstari wa tatu unaelekea kunyooka, wenzake walimwita uwanjani kuruka kamba. Mchezo ulikuwa mtamu. Aliliona jua likishuka, akakumbuka birika, akajiambia siku moja haina neno; kwani ni dakika ngapi hizo? Akaruka mpaka miguu ikachoka.

Aliporudi, moshi ulimpokea mlangoni. Kaka alikuwa akipepea kwa trei ya chai, na Baba amesimama jikoni akilitazama birika lililokauka likawa jeusi.

"Baba, hukuliona?"

"Nione vipi na cherehani inapiga kelele?" Baba alisema kwa uchungu. "Mimi huwa nasubiri tarumbeta inyamaze, ndipo nainuka kuepua. Leo haikuanza, kwa hiyo haikunyamaza. Nikajua maji bado!"

Kabla Waziri hajajibu, mlango wa ng'ambo ya korido ulifunguliwa kwa kishindo. Mlinzi alitoka mbio, shati nje, buti moja mguuni na jingine mkononi. "Nimechelewa zamu! Waziri, mbona hukuniamsha?" Alishuka ngazi akirukaruka kwa mguu mmoja, na kutoka chini sauti ya Bibi ikasikika ikiuliza, "Mjukuu wangu, u mzima? Nimekaa hapa na kidonge mkononi nasubiri tarumbeta nikimeze, nikafikiri unaumwa!"

Waziri alisimama akiwa ameduwaa. Alidhani kile kipande cha muda ni chake peke yake, tena ni kidogo mno kuonekana na mtu. Kumbe watu walikuwa wameshaanza kukitegemea. Aliona haya, lakini ndani ya haya ile kulikuwa na furaha fulani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtegemea kwa jambo lolote. Alimkimbilia Bibi akampelekea maji, kisha akakaa kulisugua birika mpaka vidole vikauma.

Zamani, mpango ukishavunjika alikuwa akiuacha hapohapo na kutunga mwingine. Safari hii, kesho yake, Baba alipowasha kiberiti, Waziri alikuwa amesimama pale pale. Mlinzi aligonga mlango wake mara mbili kutoka ndani, kumjulisha kwamba amesikia.

Mstari wa tatu ukanyooka, wa nne ukafuata, na siku ya kusikilizwa ikafika. Mwalimu wa bendi alikaa nyuma ya meza, wanafunzi wamejipanga ukutani. Waziri alivuta pumzi, akaanza kwa nguvu mno, na sauti ya kwanza ikapasuka. Mtu mmoja akacheka.

"Mwalimu, naomba nianze upya."

"Anza."

Alifumba macho, akaacha kuwafikiria wanaomtazama, akafikiria mstari wa kwanza tu. Ulipokwisha akafikiria wa pili. Wa tatu ukapita salama. Wa nne ulipanda juu, ukatetemeka kidogo, lakini haukukatika. Alipofumbua macho, yule aliyecheka alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Vizuri sana," mwalimu alisema, tabasamu likimtoka. "Na nyimbo nyingine? Uliniahidi zote."

Waziri alihisi uongo ukimjia ulimini, ukiwa tayari kabisa. Akaumeza. "Sizijui, Mwalimu. Najua huu mmoja."

"Huo ndio niliokuomba," alisema mwalimu. "Tarumbeta ni yako."

Siku ya Wazazi ilikuwa na jua kali na viti vichache. Mama aliomba kubadilishiwa zamu ili awepo. Bibi wa chini alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, na pembeni yake, akiwa bado kwenye sare ya kazi, alikaa mlinzi. Alitoka kazini asubuhi na hakwenda kulala. Wimbo wa ufunguzi ulipoanza na tarumbeta ya Waziri ikapanda juu ya ngoma, mlinzi alisimama akapiga makofi peke yake, kabla ya wakati, mpaka Bibi akamvuta shati akae.

Baada ya sherehe walikutana uwanjani. Mama alimkumbatia Waziri mpaka kofia ya bendi ikadondoka.

"Njoo nikwambie kitu," mlinzi alisema akiiokota kofia na kumvisha. "Mimi usiku nikianza zamu nikaufikiria usiku wote, miguu inakufa. Kwa hiyo sifikirii usiku. Nafikiria mzunguko mmoja wa ukuta. Nikiumaliza, nafikiria mwingine, na asubuhi inanikuta. Wewe ulitaka Jumamosi moja ikumalizie kazi yote, ikakuvimbisha midomo. Ulipochagua kitu unachokiweza, ukakipa wakati wake kila siku, kikakaa mwilini kikawa tabia. Na siku uliyoteleza hukukaa chini ukalia. Ulirudi kesho yake. Hapo ndipo nilipojua utaweza. Jambo kubwa halimwogopi mwenye nguvu, mwanangu. Linamwogopa anayerudi kesho yake."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Haya, niambie basi. Sasa unataka nini?"

Baba, Mama, Kaka na Bibi walimgeukia wakisubiri. Waziri alifungua mdomo, akafikiri kidogo, akaufunga, kisha akaufungua tena.

"Mstari wa kwanza wa wimbo wa pili."

"Utaanza lini?"

"Leo jioni, Mjomba. Ukiamka."

Mlinzi alilitazama jua, akapiga mwayo mrefu uliomfikia kila mtu pale. "Basi naomba ruhusa," alisema, "nikalale upesi." Akaagana nao, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea nyumbani.